Kanda za Chumba cha Jenereta

Khulud alitunza hifadhi ya kituo kimoja cha televisheni mtaani Karrada, Baghdad, tangu hajaolewa hadi akawa mjane. Kazi yake ilikuwa mbele ya skrini nyeusi isiyo na picha, maandishi matupu. Aliandika amri ya kufunga video pamoja kama mzigo, amri ya kuupeleka mzigo kwenye mkanda wa sumaku wa kuhifadhia data, kisha ya kuusoma mkanda na kuulinganisha na kilichomo kwenye seva. Vikilingana ndipo anafuta cha kwenye seva.

Mwaka wa maandamano seva zilijaa pomoni. Meneja, Ustadh Nizar, akaagiza picha zote za uwanja wa maandamano zihamishiwe kwenye kanda. Khulud akahamisha, akalinganisha, akafuta. Baadaye Nizar akakitaka chumba cha kanda kiwe studio, na kanda zikateremshwa chini kabisa, kando ya jenereta na tangi la maji. Khulud alimwonya kwamba joto na unyevu vitazila.

"Dada, hayo yamepita," Nizar alisema. "Nani atayataka tena?"

Um Muhannad, yaani mama yake Muhannad, aliyataka. Mwanawe alitiwa kwenye gari jeupe pale uwanjani, hajaonekana hadi leo. Mpiga picha wa kituo, kabla hajakimbilia ng'ambo, alimwambia mama huyo kuwa nyuso za waliomchukua alizinasa. Wakili naye alisema bila nyuso hizo hakuna kesi.

Khulud akashuka kuutafuta mkanda wa siku hiyo, akaukuta umeota ukungu. Akaukausha, akausafisha, akauingiza. Mashine ikanguruma, ikarudi nyuma, ikajaribu tena, ikaandika kwamba haisomeki. Akabadili amri ili iruke sehemu zilizokufa. Akashinda hapo, Um Muhannad kaketi nyuma yake, chai imempoa mkononi.

Alasiri kikatoka kipande. Muhannad anamega mkate wa Kiiraki uitwao samuni, anampa mwenzake nusu, anacheka. Nyuma yake gari jeupe linasimama. Mlango unaanza kufunguka. Kisha giza.

"Endelea, mwanangu."

"Ndiyo mwisho, mama. Nyuso zilikuwamo zote, nilizihakiki mwenyewe. Zimeozea humu ndani."

Um Muhannad akaiweka chai chini. "Basi nirudishie mwanzo."

Kesi ikafa. Mama akawa anakuja kila Alhamisi kumtazama mwanawe akimega mkate, mpaka Nizar akasema anawatia wageni simanzi, akamkataza mlinzi kumfungulia. Khulud hakutaka mama huyo aambiwe na mlinzi. Akashuka mwenyewe getini, akampa kile kipande ndani ya flashi.

"Nikitie wapi hiki?" Um Muhannad aliuliza. "Kwangu hakuna kompyuta."

Wakavuka barabara hadi kwa fundi simu. Fundi akaipakia video kwenye simu ya mama, kisimu kikuukuu chenye kioo kidogo kilichopasuka. Uso wa Muhannad ukawa doa tu. Khulud alikaza macho asimtambue. Um Muhannad akaisogeza simu karibu na jicho, akasema anamwona.