Kilichogonga Ndani ya Kichwa cha Treni

Nisogezee sikio kidogo, wewe unayesoma, maana ninachotaka kukueleza kinaanza na sauti. Si sauti kubwa. Ni kama punje kavu ya mahindi ndani ya kopo. Niliisikia mara ya kwanza nikiwa jikoni kwangu Mwadui, miaka ya sabini, nimeshika treni ya bati mkononi.

Nikueleze kwanza treni yenyewe. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye mgodi wa almasi wa hapo Mwadui. Mzungu mmoja, bosi wa idara yao, alipokuwa anarudi kwao, alipanga vitu vya nyumbani barazani akaviuza, na mume wangu akaja na boksi la biskuti. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni cha kijani, mabehewa mawili, na vipande vya reli vilivyoanza kushika kutu. Si treni ya umeme. Unatia ufunguo ubavuni, springi inajikaza, ukiachia inakimbia. Ila springi ya hii ilikuwa imeganda.

Mimi nimezaliwa na fundi bati. Baba alikuwa na kibanda Kambarage, mjini Shinyanga, akitengeneza koroboi na mikebe ya kupimia mafuta, nami nimekulia kwenye moshi wa kulehemu. Mume wangu alijua atanifurahisha. Likizo yake ilikuwa inaanza kesho yake, tungepanda basi la asubuhi kwenda kwa baba, na huko tungeifufua hiyo springi.

Basi nikakigeuza kile kichwa nione kimeungwaje. Vitu vya bati vya zamani havina skurubu nyingi. Bati la juu lina vikucha vidogo vinavyopita kwenye matundu ya bati la chini, kisha vinakunjwa. Ukitaka kufungua, unavinyanyua taratibu kimojakimoja. Lakini bati halifichi kitu: kikucha kikishanyanyuliwa kinabaki na mstari unaong'aa pale kilipopinda, na ukikirudiarudia kinakatika. Vikucha vya kichwa hiki vilikuwa vimelala na kutu yake. Hakuna aliyewahi kuvigusa. Bomba la moshi, hata hivyo, lilikuwa wazi juu, na mtu angeweza kutumbukiza humo kitu kidogo.

Ndipo nikakitikisa, kikagonga.

Mume wangu, aliyekuwa anakunja mashati, akasimama.

"Nini hicho?"

"Kiko ndani."

"Tikisa tena." Nikatikisa. "Basi! Basi, acha!"

Kama hukuwahi kuishi Mwadui, hofu hii utaiona ya ajabu. Sisi tulikuwa na desturi ambayo wageni waliicheka: hatukuinama kuokota kitu. Kifungo cha shati kikidondoka njiani, kilibaki hapo hapo. Watoto wetu hawakucheza mdako kwa vijiwe, walicheza kwa kokwa. Almasi ghafi moja, ndogo kama punje ya mtama, ikikutwa kwako, ilitosha kukupeleka jela, na getini kila mzigo uliotoka ulipekuliwa. Sasa mume wangu, mfanyakazi wa mgodi, alikuwa na treni iliyotoka kwa bosi wa mgodi, na tumboni mwake kitu kigumu kinagonga.

"Tukifukie nyuma ya jiko," alinong'ona.

"Mwanaume mzima uonekane na jembe unachimba, tena hapa Mwadui?"

"Basi tukiache ndani."

"Nyumba ni ya mgodi. Wakiingia kukagua sisi tuko likizo, atajibu nani?"

Akakaa kwenye kigoda. "Kifungue, tuone."

Hapo nikamweleza habari ya vikucha, kama nilivyokueleza wewe. Nikivinyanyua vitang'aa. Askari wa getini atajua kichwa kimefunguliwa jana tu, na atauliza tumetoa nini, au tumeweka nini. Akarudia mashati yake, nami nikaendelea kufunga mizigo, hadi jirani yetu akachungulia dirishani.

"Nyie wawili mbona kimya? Mmefiwa?"

"Hapana shoga, tunafunga mizigo."

"Mnafunga mizigo kama wezi!" Akaondoka anacheka. Mume wangu alikuwa ameufunika uso kwa shati alilokuwa analikunja.

Asubuhi tulikwenda getini tukibishana kwa midomo iliyofumbwa nusu.

"Ukisema, tumekwisha," alinambia.

"Akitikisa mwenyewe kabla sijasema, ndiyo tumekwisha."

Askari wa zamu alikuwa Msukuma mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo." Sikungoja marahaba, nikamkabidhi kile kichwa. "Hiki kinagonga ndani. Sijakifungua. Tazama vikucha vyake, vina kutu."

Akakichukua, akakitikisa karibu na sikio. Watu waliokuwa kwenye foleni wakasogea kuchungulia. Alimtazama mume wangu, akasema, "Wewe, sogea ukutani," akamwita mwenzake aje asimame naye. Mume wangu aliegemea ukuta, viganja wazi, kama anavyosimama mtu anayepimwa nguo.

Askari alitumia kisu. Hakuwa na subira ya fundi, vikucha viwili vikakatika. Bati likaachia, na juu ya meza kikaanguka kijiwe cha kijivu, kama harage. Alikikwaruza kwa ncha ya kisu. Kikakubali alama, laini kama sabuni. Ile rangi na ule ulaini nilivijua tangu kibandani kwa baba.

"Mayu, hii si madini ya risasi?"

"Ni risasi, baba. Ni uzito. Wameiweka ili magurudumu yashike reli, kichwa kiweze kuvuta mabehewa. Imebanduka."

Akanitazama, akaitazama tena. "Kumbe na treni nayo lazima ishibe!" Foleni nzima ikacheka. Mume wangu hakucheka. Aliomba ruhusa akae chini.

Kambarage, baba aliirudisha ile risasi mahali pake kwa kuilehemu, na badala ya vikucha vilivyokatika akaweka vya bati la kopo la maziwa. Springi tuliilaza kwenye mafuta ya taa hadi ikalegea, tukaipaka mafuta ya cherehani. Treni ikazunguka kwenye sakafu ya saruji, mabehewa yakifuata. Watoto wa mtaa walipiga vigelegele. Mume wangu alisimama mlangoni, ameinamisha shingo, anasikiliza.

Tangu hapo nimekusanya vichwa vingine kadhaa, nikavifufua. Mume wangu amestaafu, na Mwadui tumeshahama. Bado nikiingia na boksi, haulizi limetoka wapi wala habari za safari. Anauliza, "Kinagonga?" na hakai mpaka nimjibu.

Kwa hiyo ukipata kichwa cha treni cha zamani, usikimbilie ufunguo. Kitikise karibu na sikio. Kikigonga, nyanyua vikucha vyake taratibu, mara moja tu, itoe risasi iliyobanduka, ilehemu mahali pake, kisha ulaze vikucha kama ulivyovikuta.