Vitabu Vilivyonukia Moshi

Nakumbuka siku moja huko Keringet, baridi ya asubuhi inauma masikio, nami nimesimama mbele ya kabati la vitabu, naogopa hata kulifungua. Mwanangu, nasikia Jumatatu unaanza mazoezi ya kufundisha, na eti tangu jana chakula hakipiti. Keti basi, kunywa chai, nikusimulie ya kwangu.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa chuo cha ualimu, Nakuru. Nilitaka kuwa mwalimu wa maktaba, wenzangu wakanicheka sana, maana shule zetu zilikuwa na maktaba gani? Nikapelekwa huko Keringet, shule ya watoto wa vibarua wa shamba la pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Maktaba yenyewe ilikuwa kabati moja lenye kufuli. Vitabu vilikuwa vipya kabisa, kwa sababu hakuna mtoto aliyewahi kuvigusa. Nilimbembeleza mwalimu mkuu mpaka akanipa ufunguo.

"Vikiharibika, shauri yako," akaniambia.

Nikawaazima watoto wakasome nyumbani. Wee! Ungeviona vilivyorudi! Vinanuka moshi, kurasa zina alama za vidole, kimoja nadhani kilitumika kufunikia sufuria. Usicheke, mimi sikucheka. Mwalimu wetu wa chuo, Mzee Ezra, alikuwa njiani kuja kunipima, na neno lake moja lingenirudisha kwa mama kuchuma pareto.

Basi asubuhi hiyo nikavisukuma vile vichafu nyuma, vile ambavyo havijaazimwa nikavipanga mbele, vinang'aa.

Mzee Ezra akaingia, akatazama kabati. Kisha akamgeukia Chebet, msichana wa dawati la mbele.

"Wewe unapenda kitabu gani?"

Chebet hakunitazama hata kidogo. Aliinuka, akapitisha mkono mpaka ndani kabisa kabatini, akatoa kitabu cha hadithi za sungura, jalada limekuwa jeusi, akakikumbatia.

"Hiki. Namsomea nyanya jikoni. Macho yake hayaoni vizuri."

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Ezra akakichukua, akakinusa kama mama anayejaribu maziwa ya jana. Akaniita nje.

"Binti yangu, kazi yako ndiyo hii. Mbona umeificha? Vile vya mbele vinaniambia tu kwamba kabati lina kufuli."

"Niliogopa, mwalimu."

"Na kunidanganya hukuogopa?"

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniliza. Tukarudi ndani. Akaniagiza nivilete mbele vyote vya moshi, kisha mzee mzima akabanana na watoto kwenye dawati, akamwomba Chebet amsomee. Darasa zima likamsogelea. Ndiyo, alinipitisha.

Kwa hivyo, mwanangu, wakija kukupima, waonyeshe darasa lako lilivyo, na madoa yake. Wafundishe watoto kunawa mikono, sawa, lakini usimnyime mtoto kitabu kwa sababu ya mikono yake. Na kamwe usiionee haya kazi uliyoifanya kwa kupenda.

Haya, maliza chai hiyo. Mungu akutangulie mlangoni, akupe watoto wasiokuogopa, na vitabu vyako, mwanangu, kila Jumatatu virudi vikinukia moshi wa kwao.