Mara Saba Kuizunguka Sufuria

Niseme tu ukweli: nilikuwa na hasira, na nyingine ninayo mpaka leo.

Kikundi chetu cha kusuka vikapu vya katani hapa Babati kilikuwa kinaomba hataza, ile hati ya kumzuia mtu asikuibie ulichobuni. Njia iliyopelekwa ni yangu. Nachemsha katani na maganda ya vitunguu, inakuwa ya njano. Naifunga vipande vya tyubu ya baiskeli, halafu naloweka kwenye maji ya misumari yenye kutu. Palipofungwa panabaki njano, kwingine panakuwa kijani. Uzi mmoja, rangi mbili.

Jirani yangu kule Singe, mama wa mapacha, akasimama kikaoni. "Hiyo haina mwenyewe. Maganda tunayajua, kutu tunaijua, tyubu hata fundi baiskeli anazo. Mimi nafanya hivyo siku zote."

Afisa biashara, aliyekuja kutujazia fomu ya maombi, akasema kama kila msukaji angeiwaza mwenyewe, hataza haitoki.

"Unga unajulikana, maji yanajulikana," nikamjibu jirani. "Mbona ugali wako una mabonge?"

"Mwenyekiti, unamsikia huyu mtoto?"

"Namsikia, na ugali nimeula," akasema mwenyekiti. "Haya Mama Mapacha, washa jiko utuonyeshe."

Akawasha. Akatia maganda, akatia katani. Kisha akaweka mikono nyuma ya mgongo, akaanza kuizunguka sufuria huku anadundadunda magoti. Mara ya kwanza. Ya pili. Wenzangu wakatazamana. Ya saba, akasimama.

"Mama, hapo umefanya nini?" akauliza afisa.

"Usipozunguka mara saba rangi haishiki," akajibu, uso mkavu. "Ndiyo njia yenyewe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwanangu halali mpaka nimbebe mgongoni nimzungushe, na uani kwangu pa kuzunguka ni kwenye sufuria tu. Ua ni wa matete, una matundu. Mama wa watu alichungulia, akahesabu, akaniibia mpaka bembelezo la mtoto!

Nilipowaeleza, afisa alijifuta machozi akaandika jina langu kwenye fomu. Majibu bado. Wakubwa wanaotoa hataza nao watauliza kama njia iko wazi kwa kila mtu. Waulize.

Jirani ni mkubwa kwangu, kwa hiyo tukikutana sokoni namwamkia kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Leo umefikisha mizunguko mingapi?"

Marahaba yangu sijaipata.