Boksi la Lola Lililobaki Nusu

Enzi zetu, sisi watoto wa wafanyabiashara tuliokulia Guangzhou, kombolela tuliicheza katikati ya majora ya vitambaa. Tuliishi Kangle, jirani na soko la vitambaa la Zhongda, ambako baba alinunua mzigo wa kupeleka Dar es Salaam. Ukijificha vizuri ulirudi nyumbani na nyuzi kichwa kizima, na bibi alikukalisha chini akakuchambua kama mchele. Watoto wa leo wanacheza kwa vidole viwili, wamejilaza kwenye kochi, halafu wanasema wamechoka.

Bibi huyo, mzaa mama, tulimwita Lola, maana ndivyo bibi anavyoitwa kwao Ufilipino. Alitoka kwao msichana, akaenda Hong Kong kufanya kazi za ndani, akaolewa na baharia wa Tanga. Tanga alikaa mpaka babu alipofariki, ndipo mama akamleta China atulee. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga hasa, na alikitumia hata sokoni. "Laoban, mwanangu, punguza basi," alimwambia bosi wa duka, na yule Mchina, sijui kwa kuelewa au kwa kuchoshwa, alipunguza. Ramadhani alifunga yote, akatupikia futari ya kuku wa siki na kitunguu saumu, lakini radi ikipiga alifanya ishara ya msalaba. Nikimuuliza ananijibu, "Kula, mjukuu wangu." Nilikula, na hadi leo sijaelewa.

Kila mwaka alijaza boksi kubwa la kumtumia mdogo wake, Tesi, huko kwao. Jinzi za viwanda vya Xintang, taulo, sabuni, pipi ndani ya soksi, soksi ndani ya viatu. Baba alimsifu kuliko mawakala wake wote wa mizigo, kwa sababu Lola hakusafirisha hewa. Sisi watoto tulikalia kifuniko, yeye akizungusha selotepu huku akitugombeza kwamba tumekuwa wepesi, hatuli. Nyumba ilinukia sabuni wiki nzima.

Lola amefariki mwaka huu. Tulimzika Tanga, kando ya babu, kama alivyotaka. Tuliporudi Guangzhou, mimi na mama tulilikuta boksi chumbani kwake, limejaa nusu tu, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kulituma vile ilikuwa aibu. Kulijaza, tujaze nini? Bi Tesi hatukuwahi kuonana naye hata siku moja. Nilikaa sakafuni na hasira zangu, nisijue namkasirikia nani. Mtu amekuogesha, amekulisha, amekusuka, halafu hujui angechagua sabuni ipi.

Mwishowe tukampigia Bi Tesi simu ya video. Akatokea bibi kizee mwenye uso ule ule wa Lola. Mama ndiye aliyemuuliza, kwa Kiingereza, tumtilie nini.

"Tieni nguo zake," Bi Tesi alisema. "Alizovaa. Msizifue."

Tukamwahidi. Kisha akasogea karibu na simu.

"Alikuwa bado anaimba? Kwetu tuliamka kwa sauti yake."

Nilimtazama mama. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia Lola akiimba, hata wakati wa kuosha vyombo.

"Kila asubuhi," mama alijibu bila kusita.

Bi Tesi akalia, akashukuru, akalia tena. Boksi likaondoka limejaa. Siku ile nilimbana mama: kweli Lola aliimba? Akaendelea kukunja shuka. "Wewe ulikuwa umelala," akasema.

Enzi zile cherehani za karakana iliyokuwa chini ya nyumba yetu zilianza kunguruma kabla sijafumbua macho, nami nikizilaani. Siku hizi karakana imehama na asubuhi ni kimya kabisa. Naamka mapema, natulia kitandani, nasikiliza kitu nisichojua kama kiliwahi kuwepo.