Ushuhuda wa Mugongo Yangu

Bandugu, nilisema uongo ndani ya kanisa. Tena na mikro mukononi! Jina yangu siiandike, juu bantu ba Matonge na ba Evere, mitaa ya hapa Bruxelles, banasoma pia, na banajua namna nasemaka. Mukitaka kunitukana, munitukane. Mi mwenyewe najitukana kila asubuhi mbele ya kioo.

Mi ni mama wa Bukavu. Hapa Bruxelles natunza bazee: nabainua kitandani, nabaosha, nabavalisha. Hiyo kazi imeniuwa mugongo. Munganga alinipatia kinini za maumivu, zikawa zinanichoma tumbo, na usingizi hakuna.

Alors, Allemagne, ile Ujerumani, ikaruhusu bangi. Eh! Mungesikia Matonge ile wiki! Kwa salon kwenye nasukiaka nywele, bantu banagombana na kichwa ingali na sabuni. Kijana moja akasema afazali Belgique nayo ifanye vile, polisi batuache na amani. Papa moja akasema bazungu bamechoka kulea batoto yao. Musichana moja, ni infirmière, muuguzi wa lopitali, akasema polepole kama ile kitu inasaidiaka na bagonjwa. Mama yangu! Bakamufokea mpaka akanyamaza. Na nani alimufokea kupita bote? Mi! Nilimuambia, "Weye ulisomea uganga ao ulisomea shetani?" Salon yote ikacheka. Nikajisikia mukubwa.

Bon. Pasaka ya mwaka wenye kufuata ikafika, nikapanda train mpaka Aachen, kule Allemagne, kwa Noëlla, binti ya mama mudogo. Jioni akanipatia mukate na siagi, rangi yake kijani-kijani. Nikazania ameweka majani ya vitunguu. Ile usiku nililala kama mutoto, sikugeuka hata! Asubuhi mugongo iko kimya. Nikaanza kuimba ndani ya douche.

Noëlla akacheka. Ananiitaka yaya, ni kusema dada mukubwa. "Yaya, huniulize ile siagi iko na nini?"

Bangi! Amepanda mwenyewe kwa balcon, sheria ya kule inamuruhusu. Nilimukemea, nikaita jina ya Yesu, nikaapa sitaingia tena ndani ya nyumba yake. Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, "Na mugongo, yaya?"

Nikarudi Bruxelles na boîte ya siagi ndani ya sakoshi, chini ya Biblia. Na nilijua vizuri, huku kwetu haijaruhusiwa! Nilikuwa nakata kipande kidogo kila jioni, nimefunga rido ya dirisha.

Dimanche, siku ya kanisa, ikafika. Kanisa yetu iko Saint-Josse, hapa hapa Bruxelles, na kwetu muntu akipata nafuu hakai nayo kimya, banamuita mbele atoe ushuhuda. Pasta akaniona nacheza na bamama baimbaji ba korali. "Maman! Mwezi yote unaimba umekaa juu ya kiti, leo unacheza hivi? Kuya utuambie!"

Nilitaka kusema tu aksanti, mugongo iko muzuri kidogo. Kweli, njo nilitaka hiyo tu! Lakini bantu bote bananiangalia, piano inalia, kinywa ikafunguka: "Mungu amenigusa mugongo!"

Kanisa ikalipuka. Pasta akachukua mikro. "Munaona? Bengine banakimbilia majani ya Allemagne. Maman wetu amekimbilia magoti!"

Na mi? Nikainua mikono juu. Amina!

Kumbe kuko muntu alikuwa anafilme. Jioni video imeshafika Bukavu, tantine, shangazi yangu, ananipigia analia na furaha. Bakaniweka banc ya mbele, bakaniingiza kwa kikundi ya baombezi. Kila mara habari ya ile sheria ikirudi, banasema, "Muite maman atuambie." Na mi nasimama, nasema, na siagi iko tumboni!

Nilijaribu kuiacha, naapa. Lakini mugongo ikarudi na hasira, na muntu mwenye Mungu aliponesha hawezi kuchechemea mbele ya bantu. Donc nikaendelea kukula. Nikiacha, bananiona. Nikiendelea, najiona. Nilikuwa nimejifungia mwenyewe.

Sasa sikieni kwenye inaniuma.

Furaha ni rafiki yangu tangu Bukavu. Anaishi étage, gorofa ya chini yangu, Evere. Yeye ni muntu wa tension, damu inamupandaka, alikuwa anameza kinini kila siku. Jioni moja akapanda kwangu, akakaa kwa kuizine, kwenye napikiaka, akanishika mukono.

"Yaya, uniambie kweli. Kinini zako uliziacha?"

"Niliziacha."

"Zote?"

"Zote, dada."

Na haikuwa uongo! Niliziacha kweli. Sikumuambia tu nilizibadilisha na nini. Frigo ilikuwa nyuma yake pale, siagi iko ndani. Ningeifungua tu, ningesema, "Furaha, angalia." Angenicheka wiki nzima, labda angenitangaza Matonge yote, na leo angekuwa anatembea.

Akanikumbatia, akashuka ngazi anaimba. Hakuniambia kama anaacha zake. Lakini muntu akikuuliza vile, unakosa kujua? Nilijua. Nikajidanganya kwamba ni muntu mukubwa, hawezi kufanya ujinga.

Binti yake akanipigia simu akiwa lopitali. Maman ameanguka kwa arrêt, kituo ya bus. Kiharusi! Nilipofika, upande wa kuume wote haufanye kazi, kinywa imepinda. Munganga anauliza juu ya nini aliacha dawa. Binti yake anasema hajui. Mi nikaangalia viatu yangu.

Furaha akanishika na ule mukono unabaki. Maneno inatoka kwa taabu, moja moja.

"Yaya... zambi gani nilifanya? Weye... Mungu akuponeshe. Mi... anikatae?"

Ole wangu! Pale pale ningesema. Munganga alishatoka, tulikuwa bantu batatu tu, mi na yeye na binti yake. Kinywa yangu, ile inafokeaka bantu ndani ya salon, mujue ilisema nini? Ilisema, "Tuendelee kuomba, dada."

Tangu ile siku, kila nikienda kumuona anatafuta zambi yake. Mara ni juu alimujibu mukwe wake vibaya. Mara ni siri ya wakati angali musichana, hata bwana yake hakuijuaka. Ananiambia yote analia, ananiuliza kama labda njo hiyo. Na mi, juu niko naogopa, namujibu, "Labda."

Pasta amepanga dimanche hii kanisa yote tumuombee. Ni mi nitashika mikro. Nimekubali, juu kukataa ni kujieleza. Usiku sipate usingizi, na siagi ingali mule ndani ya frigo, siwezi kuikula, siwezi kuitupa.

Bamama, bapapa, mi sikuje hapa kuwaambia sheria ya Allemagne ni nzuri ao ni mbaya. Mi niko wa mwisho wa kuhukumu! Lakini kama ni dawa njo ilikusaidia, sema ni dawa, hata kama ni ya haya, hata kama bantu batakucheka. Usimubebeshe Mungu kitu weye ulikula kwa kujificha, juu kuko mugonjwa amekaa banc ya nyuma anakusikia, na anakuamini.

Na weye uko na tension, unasikia shuhuda ya bantu unatamani kuacha kinini: meza! Meza leo leo, kisha ukuje kuomba. Furaha hakuwa na zambi yoyote. Alikuwa tu na rafiki kama mi.