Nilichoandika Mama Njeri Akiomba

Mniahidi hamtacheka mpaka nimalize (najua hamtaweza, lakini jaribuni), kwa sababu hadi leo nikipita karibu na ile ofisi yetu Hurlingham masikio yanashika moto.

Nilikuwa bado kwa majaribio, na bosi wangu, Mutiso, alikuwa ameniambia peupe: "Mama Njeri akipenda hii kazi, tunakuandika. Akikataa, mimi na wewe tutasalimiana tu barabarani." Mama Njeri ana buchari nne Dagoretti, nami nilikuwa nimemtengenezea programu ya kupokea oda za nyama. Basi akaja, kilemba kichwani, akakaa mbele kabisa, samosa zikawekwa mezani, na kompyuta yangu ikaunganishwa na projekta, ikajaa ukuta mzima.

Mambo yalikuwa poa mpaka akasema, "Kijana, hapo umeweka matumbo pekee. Ongeza kichwa cha mbuzi." Rahisi! Ningefungua faili kwa programu ninayoandikia kila siku yakaisha, lakini mimi na kujionyesha, nikaifungulia ndani ya terminal, lile dirisha jeusi la mafundi, ili mama ajue anashughulika na mtaalamu. Nikaandika kichwa cha mbuzi, kisha vidole vikafanya vilivyozoea kufanya, Control na S, ya kuhifadhi. Kumbe kwa dirisha jeusi Control na S hugandisha skrini! Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, wapi.

"Msihangaike," Mama Njeri akasema, akasimama. "Tuombe."

Akaiombea kompyuta, akaombea stima, akaombea ng'ombe, akaombea hata waliotengeneza kibodi, na mimi, nikiamini hiyo kibodi imekufa, nikawa natoa presha kwa vidole, nachapa tu yaliyo moyoni (nani angeona?).

"Amina," tukasema. Mutiso, ambaye alikuwa fundi kabla awe bosi, akainama akabonyeza Control na Q. Skrini ikazinduka, na yote niliyoandika ikiwa imeganda yakamwagika ukutani, herufi kubwa kubwa: "mama Mungu ameshasikia sema amina tukule samosa zinapoa".

Mama Njeri akavaa miwani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno. Mutiso akaangalia sakafu. Woi, nilitamani ardhi ipasuke!

"Ni wewe umeandika?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Akaanza kucheka mpaka kilemba kikalegea. "Miaka ishirini mzee wangu anafikiria hivyo, na hajawahi kusubutu kusema. Mutiso, huyu mwandike. Nitafanya kazi na yeye."

Nikaandikwa. Lakini kila nikienda Dagoretti kukagua ile programu, mama husimamisha wakata nyama wote, visu chini, anawaambia, "Huyu ndiye alichoka na maombi yangu. Leo ataomba yeye." Nami huomba, kwa kifupi sana, macho nimefunga, mikono nimeiweka nyuma ya mgongo kila mtu aione.