Saa ya Kompyuta ya Kaptembwo

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja, duka la intaneti mtaani Kaptembwo, mtandao umelegea. Kando yangu muuguzi alikuwa akisubiri jibu la kazi aliyoomba mjini Molo. Mwenye saiba alimfungulia barua pepe kwa programu nyepesi ya maandishi matupu, skrini nyeusi tii. Ikakataa kuunganisha.

“Boss, na password ni hiyo hiyo!” muuguzi alisema, mikono kichwani.

“Password iko sawa, sista. Tarehe ya hii mashine iko nyuma mwaka mzima, ndio inaona cheti cha usalama cha seva bado hakijaanza kutumika, inakataa kuunganisha.”

Akairekebisha. Barua zikaanza kushuka, mstari kwa mstari.

“Unaanza kazi Jumatatu,” muuguzi alisoma. Akageuka, akanikumbatia mimi, ambaye sikuwa nimefanya lolote. Mwenye saiba alitutazama tu, akicheka. Shukrani zake nilizipokea zote mimi.